Maabara Haimo Ndani ya Kompyuta

Yako maneno yanayosemwa kwa fahari siku hizi katika semina za walimu na katika vikao vya bodi za shule, nayo yanazidi kupata wasikilizaji: kwamba shule ya sekondari haihitaji tena maabara ya fizikia. Kinachohitajika, wanasema, ni kompyuta chache, au hata simu za mkononi, pamoja na programu za kuigiza majaribio. Mwanafunzi atabonyeza, nyaya zitaungana kwenye skrini, taa itawaka, sindano ya ameta itasogea, na somo litakuwa limeeleweka. Hakuna betri za kununua, hakuna lenzi za kuvunjika, hakuna fundi sanifu wa maabara wa kulipwa mshahara. Nimefanya kazi ya ualimu miaka mingi, shuleni na katika chuo cha ualimu, na katika sura hii nataka kuyapinga maneno hayo waziwazi. Sipingi kompyuta. Napinga kompyuta kufanywa kisingizio cha kumnyima mtoto fizikia yenyewe.

Tuanze kwa kutenda haki, maana mtu asiyemsikiliza mpinzani wake hana haki ya kumjibu. Programu hizi si vitu vya mchezo. Zinazojulikana zaidi ni za mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, huko Marekani, na Carl Wieman, mwanafizikia ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa amepata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mtu wa namna hiyo hakukaa chini ili achore vikaragosi. Programu zake hutolewa bure, na nyingi hufanya kazi hata kwenye simu. Zinaonyesha mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona: elektroni zikisogea ndani ya waya, molekuli za gesi zikigonga kuta za chombo, mawimbi yakikutana na kupitana. Mwalimu aliyezoea kuchora molekuli kwa chaki, zikabaki zimesimama ubaoni kama punje za mtama, anajua thamani ya jambo hilo.

Tena yako majaribio ambayo hakuna shule yetu itakayoyafanya. Hatuwezi kuwapa watoto wa Kidato cha Nne madini yenye mnururisho wayachezee. Hatuwezi kuisimamisha sayari ili tupime mvutano wake. Hapo kompyuta inafanya kazi ambayo chaki haiwezi, na mwalimu anayeikataa kwa sababu tu ilikuja yeye akiwa mzee anawaonea wanafunzi wake.

Wenye hoja ile wanao ushahidi pia. Mwaka 2005 ilichapishwa makala ya watafiti wa Colorado kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakijifunza saketi za umeme. Kundi moja lilitumia vifaa halisi, yaani nyaya, betri na balbu. Kundi la pili lilitumia programu ya kompyuta yenye vitu hivyo hivyo kwa picha. Baadaye makundi yote mawili yalipewa vifaa halisi na kuambiwa yaunde saketi na kueleza inavyofanya kazi. Wale waliojifunza kwa kompyuta walifanya vizuri zaidi, katika maelezo na hata katika kuunda. Habari hii imesafiri mbali, nayo hurudiwa kila mtu anapotaka kuthibitisha kwamba maabara imepitwa na wakati.

Mimi naiheshimu habari hiyo, lakini naomba isomwe mpaka mwisho. Watafiti wale walipotaka kujua nani ameelewa, walitumia kipimo gani? Waliwapa wanafunzi waya wa kweli, betri ya kweli na balbu ya kweli. Hawakuona kwamba kubonyeza skrini kunatosha kuwa ushahidi wa kuelewa umeme. Na wale wanafunzi walikuwa katika chuo kikuu chenye maabara iliyojaa vifaa, katika nchi ambayo mtoto hukua amezungukwa na swichi na soketi. Kompyuta iliwasaidia kuujua ulimwengu ambao ulikuwa mezani mbele yao ukiwangoja. Ni jambo jingine kabisa kumpa kompyuta mtoto ambaye baada ya kuizima hatakutana na ameta mpaka siku ya mtihani, au hatakutana nayo kabisa.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Programu ya kuigiza majaribio ni nini? Ni kitabu kinachotembea. Kila kinachotokea ndani yake kimetokea kwa sababu kuna mtu alikiandika. Jiwe la kwenye skrini linaanguka kwa sababu mwandishi aliandika kanuni ya kuanguka. Ikiwa aliikumbuka hewa, hewa italizuia. Ikiwa aliisahau, hakuna hewa. Hata pale mwandishi anapoweka kitufe cha kuongeza au kupunguza msuguano, mwanafunzi ndiye anayeuchagua msuguano huo, haugundui. Kwa hiyo anayeiuliza programu anamwuliza binadamu mwenzake, na anajibiwa yale ambayo binadamu huyo tayari anayajua. Anayeliuliza jiwe anauuliza ulimwengu, na ulimwengu haujawahi kuahidi kwamba utajibu kama kitabu kilivyosema.

Tazama lililotokea mwaka 1672. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimtuma mtaalamu wake Jean Richer kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, mji ulio karibu na ikweta, akafanye vipimo vya nyota. Alichukua saa yake ya pendulamu, yaani ile inayoongozwa na uzito unaoning'inia na kubembea huku na huku. Saa ile ilikwenda sawasawa Paris. Kule Cayenne ilichelewa kama dakika 2 na nusu kila siku. Ili irudi kwenye majira yake ilimbidi Richer aifupishe pendulamu, na ufupisho wenyewe haukufika hata milimita 3. Baadaye Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alilifanya jambo hilo kuwa mojawapo ya hoja zake kwamba dunia si duara kamili, bali imetuna kwenye ikweta, na kwamba mvutano wake huku kwetu ni mdogo kidogo kuliko kwao.

Mwaka ule wa 1672, kama pangekuwa na kompyuta mjini Paris na mtaalamu hodari akaandika programu ya pendulamu kwa elimu yote iliyokuwapo, programu hiyo ingesemaje? Ingesema kwamba pendulamu ya urefu fulani hubembea kwa muda ule ule kila mahali. Ingesema hivyo leo, kesho na keshokutwa, bila kuchoka na bila kukosea hesabu. Umbo la dunia lisingejulikana kwa kuiuliza. Lilijulikana kwa kukubali aibu ya saa iliyochelewa.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Cayenne. Sisi wenyewe tunaye mwalimu wetu katika jambo hili, naye alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa. Nafasi katika jokofu ilikuwa finyu, basi akayaingiza maziwa yake yakiwa bado moto, asingoje yapoe. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuwa moto. Akamwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Hatimaye alifika shuleni hapo mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba alisimama akauliza swali lake mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na maji yaliyokuwa moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja, na tangu hapo jambo hilo linaitwa ulimwenguni kote kwa jina la Mpemba.

Najua kwamba wataalamu hawajaacha kubishana. Mwaka 2016 walitokea wanasayansi wa Uingereza wakaandika kwamba vipimo vyao havikuonyesha jambo hilo, na kwamba hata mahali inapowekwa pima joto ndani ya maji huweza kuleta tofauti. Na wabishane. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: programu ya darasani iliyoandikwa kwa kufuata kanuni ya kupoa ya Newton, ile ile waliyoishika walimu wa Mpemba, ingemjibu kama walimu wale walivyomjibu. Ingemwambia amechanganyikiwa, tena kwa picha za rangi. Na kijana yule asingekuwa hata na sababu ya kubisha, kwa kuwa kwenye skrini maziwa ya moto yangechelewa kila mara. Aliyempa ujasiri wa kusimama mbele ya kicheko ni maziwa aliyoyashika kwa mkono wake. Basi tunapotaka kuwaondolea watoto wetu jokofu na maziwa, tujue tunataka kuwaondolea nini.

Watanijibu kwamba si kila mtoto ni Mpemba. Ni kweli. Kwa mtoto wa kawaida, jaribio la kweli lina faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi, nayo ni uaminifu.

Chukua jaribio rahisi kuliko yote. Funga jiwe kwa uzi, lining'inize, urefu uwe mita 1 kuanzia juu hadi katikati ya jiwe. Livute kidogo pembeni, uliachie, na uhesabu mibembeo 20, kwenda na kurudi. Kwa hesabu ya kitabu itachukua takriban sekunde 40. Sasa wape kazi hiyo wanafunzi wa Kidato cha Tatu, wawili wawili. Mmoja ataleta 39.6, mwingine 40.3, na wa tatu ataleta 38 kwa sababu alianza kuhesabu kwa kusema "moja" wakati alipoliachia jiwe, badala ya kusema "sifuri". Wa nne ataleta jibu linalofanana na la kitabu mpaka tarakimu ya mwisho, na huyo ndiye wa kutazamwa kwa makini, maana amepika majibu. Kila mwalimu wa sayansi analijua neno hilo, kupika majibu, na anaujua uso wa mwanafunzi aliyeyapika.

Hapo ndipo elimu inapoanza. Kwa nini vipimo vya watu wawili havilingani? Nani amekosea, au hakuna aliyekosea? Tupime mara ngapi ili tuamini? Uzi ulinyooka? Jiwe lilikuwa likizunguka badala ya kubembea? Mtoto anajifunza kuandika alichokiona na siyo alichotakiwa kukiona. Mhandisi wa daraja anahitaji tabia hiyo. Muuguzi anayepima shinikizo la damu anaihitaji. Karani anayehesabu magunia ghalani anaihitaji, na taifa linamhitaji karani wa namna hiyo kuliko linavyohitaji hotuba. Kwenye kompyuta hakuna cha kupika, kwa kuwa chakula kimekuja kimeiva. Mtoto hajaribiwi kusema uongo, kwa hiyo hajifunzi kusema kweli.

Iko pia elimu ya mkono. Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Katika chuo cha ualimu niliwapokea mwaka baada ya mwaka wanachuo waliofaulu vizuri, wenye uwezo wa kuandika kanuni ya Ohm hata usingizini. Ukiwapa betri, ameta, balbu na nyaya, wengi wao walibaki wameviangalia kama mtu aliyepewa vipande vya cherehani. Walijua kwa kalamu kwamba ameta huunganishwa kwa mfuatano na voltmita kwa sambamba. Kwa mkono waliiunganisha ameta moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri, sindano ikaruka mpaka mwisho. Hawakuwa wajinga. Walisoma katika shule ambazo jaribio lilisimuliwa kama ngano. Leo tunataka kuibadili ngano ya mdomo kuwa ngano ya picha, kisha tuseme tumeleta mapinduzi.

Waya halisi una kutu, na kutu huzuia umeme. Betri ya kweli huchoka katikati ya jaribio, na vipimo vya mwisho vikawa vidogo kuliko vya mwanzo. Balbu ikipata moto ukinzani wake huongezeka, na mstari ulioutazamia unyooke kwenye karatasi ya grafu unapinda. Watetezi wa kompyuta huyaita mambo haya usumbufu, na hujivunia kwamba wameyaondoa. Mimi nasema haya ndiyo fizikia. Fundi anayetengeneza redio mtaani, na kijana anayefunga umeme wa jua kwenye paa la zahanati ya kijiji, siku nzima hupambana na kutu, betri iliyochoka na waya uliolegea.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Hoja ya kuiondoa maabara haiwahusu watoto wote sawasawa. Shule zinazotoza karo kubwa hazitaondoa maabara zao hata siku moja. Zitaongeza kompyuta juu yake, na zitafanya vema. Anayeambiwa kwamba picha inatosha ni mtoto wa shule ya kata. Tanzania ilipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari mwaka 2004, shule za kata zilisambaa nchi nzima, na watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wakaingia Kidato cha Kwanza. Kisha Rais Jakaya Kikwete akaagiza kila shule hizo ziwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, na mpaka mwaka 2015 wananchi walikuwa wakichangishwa fedha, mchanga, mawe na nguvu zao. Wako akina mama waliobeba matofali kichwani kwa ajili ya vyumba hivyo. Walibeba wakiamini kwamba watoto wao watafanya ndani yake kile wanachofanya watoto wa wakubwa.

Leo ziko shule ambazo chumba kile kimekuwa darasa la kawaida, au ghala la madawati mabovu. Kuwaambia wananchi hawa kwamba dunia imebadilika, vifaa havihitajiki tena, watoto watatazama skrini, ni kuwadhulumu mara mbili. Na mtihani hautawasubiri. Mitihani ya taifa ya fizikia, ya Tanzania na ya Kenya, ina karatasi ya vitendo. Mtoto aliyezoea kubonyeza atakutana siku hiyo na kipande cha kioo, pini nne na karatasi nyeupe, mara nyingi vifaa vyenyewe vimeazimwa shule ya jirani, na mikono itamtetemeka. Mwenziwe wa shule ya karo atavishika kama mtu ashikavyo kijiko.

Wanasema hatuna fedha. Nawauliza: kompyuta huota shambani? Inataka umeme, inataka ulinzi, inataka mtu wa kuitengeneza, na baada ya miaka michache inataka mwenziwe. Jiwe na uzi havitaki kitu. Kwa betri za tochi, balbu na kipande cha waya, mwanafunzi atajifunza saketi. Kwa rula iliyosawazishwa juu ya kisiki cha penseli na vizibo vya chupa atajifunza kanuni ya wenzo. Kwa sufuria ya maji na jua la saa sita atajifunza joto. Na ikiwa simu ipo, ni vyema: ina saa inayopima sekunde kwa desimali mbili. Itumiwe kama kifaa cha kuupimia ulimwengu, isitumiwe kuuziba. Kinachokosekana katika shule nyingi ni mwalimu aliyefunzwa kutengeneza vifaa vyake, fundi sanifu wa kuvitunza, na mkuu wa shule anayekagua madaftari ya majaribio kama anavyokagua mahudhurio.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Programu za kuigiza zitumiwe, tena kwa bidii, lakini zifuatane na jaribio, zisikalie kiti chake. Mwanafunzi na alibembeze jiwe kwanza, agombane na mwenziwe kuhusu sekunde zake, kisha aende kwenye kompyuta ajiulize: kwa nini lile la kwangu halikulingana na hili? Au aanze na kompyuta, atabiri kitakachotokea, halafu aje mezani kuona kama ulimwengu utakubali. Chuo cha ualimu kisimpe mtu cheti cha kufundisha fizikia kama hajatengeneza kwa mikono yake vifaa vya majaribio kadhaa na kuvitumia mbele ya wanafunzi. Bajeti ya shule isipate ruhusa ya kununua kompyuta ya somo la fizikia kabla ya kununua betri, ameta na waya. Na karatasi ya mtihani wa vitendo isiguswe na yeyote kwa jina la maendeleo.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tunawaandaa vijana watakaotengeneza pampu za maji, watakaosoma mashine za hospitali, watakaopima mvua na upepo katika nchi ambayo majira yake yanabadilika. Vitu hivyo vyote vitawajibu kwa tabia yake, siyo kwa namna mwandishi wa programu alivyopanga. Mtoto ambaye jiwe halijawahi kumbishia shuleni atasadiki kila skrini itakayowekwa mbele yake atakapokuwa mtu mzima, na walio wengi wa kumwekea skrini hawatakuwa walimu.